Jina la fundi wa maabara liandikwe

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapisha makala fupi ambayo wanafizikia wanaibishania hadi leo. Waandishi walikuwa wawili: Erasto Mpemba, kijana wa Kitanzania, na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipotia kwenye friji maziwa yake ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha. Alipouliza kwa nini, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, Mpemba akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, Osborne alikwenda huko kutoa mhadhara, na Mpemba akasimama kumuuliza swali lile lile. Wenzake walimcheka. Osborne aliahidi kulipima akirudi Dar es Salaam, na ahadi akaitimiza.

Wengi wanaikumbuka hadithi hii kwa ajili ya Mpemba, na ni haki yake. Osborne angeweza kumtaja kijana kwa mstari mmoja wa shukrani, lakini alilitanguliza jina lake na kumwacha asimulie kwa maneno yake mwenyewe. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mhadhiri anaweza kumpa mwanafunzi.

Mimi nawasimulia wanafunzi wangu kipande kingine. Aliyeyapima maji pale chuoni kwa mara ya kwanza alikuwa fundi kijana wa maabara, aliyeagizwa na Osborne. Fundi alirudi na jibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Alichokiona hakukiamini, ila alikileta kama alivyokiona. Angeweza kukificha, au kukirekebisha kidogo kifanane na kitabu, na pengine mambo yangeishia hapo. Jina lake halimo kwenye makala.

Nafundisha kemia chuo kikuu na nimewahi kukaa kwenye kamati ya tuzo ya kitivo. Nazijua fomu zetu. Zinauliza idadi ya machapisho, fedha za utafiti zilizoletwa, wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliosimamiwa. Mwanafunzi bora anapatikana kwa alama. Kwa watumishi wengine wote, kuanzia fundi sanifu na mkutubi hadi mlinzi, tunasubiri Mei Mosi: idara inapiga kura, mshindi anapewa cheti na bahasha, na mara nyingi zamu inazunguka ili kila mtu apate siku yake. Hakuna anayeeleza mshindi alifanya nini. Mfanyakazi hodari anapigiwa makofi, picha inapigwa, basi.

Katika idara yetu yupo fundi ambaye wanafunzi humwita Mjomba. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuwa akipima madini ya risasi kwenye maji ya visima. Majibu yakaja makubwa, ya kutisha, ya kuandikiwa makala. Mjomba akayatazama, kisha akaomba kuona majibu ya chupa ya kulinganishia, ile inayotiwa maji safi yaliyotoneshwa na kupita hatua zote kama sampuli. Nayo ilikuwa na risasi. Alijua mara moja kwamba chupa hazikulowekwa usiku kucha kwenye asidi ya nitriki kabla ya kwenda nazo visimani, hivyo risasi ile huenda ilitoka kwenye chupa zenyewe. Kazi ikaanza upya. Mjomba aliziloweka chupa yeye mwenyewe, akazisuuza, akazifunga moja moja. Safari hii visima karibu vyote vikaonekana salama, na watu wa vijiji vile wakaepushwa na hofu isiyo na sababu. Tasnifu ilipata tuzo. Kwenye ukurasa wa shukrani pameandikwa “wafanyakazi wote wa maabara”.

Simlaumu kijana, maana ndivyo anavyoona wakubwa wake wakiandika. Lakini shukrani ya jumla namna hiyo haimfikii yeyote, na haimsaidii fundi anapoomba kupandishwa daraja, kwa sababu hana karatasi ya kuonyesha kwamba kazi ile ilisimama kwa ajili yake.

Tazama yaliyompata Hamilton Naki wa Afrika Kusini. Aliajiriwa Chuo Kikuu cha Cape Town kama mtunza bustani, akaingizwa maabara, na kwa miaka mingi akawafundisha madaktari namna ya kupandikiza viungo kwa kutumia wanyama. Alistaafu mwaka 1991 kwa pensheni ya mtunza bustani. Chuo kilimpa shahada ya heshima ya uzamili mwaka 2003, miaka miwili kabla ya kifo chake. Na kwa kuwa kazi yake haikuwekewa kumbukumbu mapema, magazeti makubwa duniani yaliandika kwamba alishiriki upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu mwaka 1967, kisha yakalazimika kujisahihisha. Mtu ambaye ukweli wake ulitosha kabisa alizikwa na uzushi, na waliobaki wakabishana juu ya uzushi huo badala ya kuieleza kazi aliyoifanya kweli.

Wataalamu wa mimea wametutangulia katika jambo hili. Kila tawi lililokaushwa na kuhifadhiwa kwenye hebaria lina kibandiko chenye jina la aliyelikata na namba yake, hata baada ya miaka mia. Leonard Mwasumbi, aliyeitunza hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana jenasi nzima inayoitwa kwa jina lake: Mwasumbia, mti wa ukoo wa mstafeli, uliotangazwa kwa wanasayansi mwaka 2009. Ikiwa tawi la mti linaweza kubeba jina la aliyelichuma, jedwali la vipimo nalo linaweza kubeba jina la aliyepima.

Wizara ya Elimu ilipotangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa wanasayansi wetu wanaochapisha kwenye majarida ya hadhi ya juu, nilifurahi, na bado nafurahi. Naomba fomu ya tuzo hiyo imtake mwombaji ataje nani aliendesha mashine, nani alitunza sampuli umeme ulipokatika, na sehemu ya fedha iwafikie. Vyuo navyo viwe na tuzo ya mafundi inayotolewa kwa maelezo ya kazi iliyofanyika, yakiandikwa na wanafunzi na watafiti walionufaika, na yasomwe siku ya mahafali mbele ya wazazi.

Kitivo chetu kinapokea mapendekezo ya tuzo mwezi ujao. Fomu haina sehemu ya fundi, kwa hiyo nimeandika barua pembeni, nikieleza habari ya chupa na visima tangu mwanzo hadi mwisho. Nimemwomba na yule mwanafunzi wa visima, ambaye sasa ni mhadhiri msaidizi, aandike ya kwake.