Kabla Ethanoli Haijafika Zombe

Kenya iliwahi kuchanganya petroli na ethanoli. Kuanzia 1983 hadi 1993 gasoholi iliuzwa Nairobi: petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli ya molasi kutoka kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company, Muhoroni. Mpango ule ulizimwa na bei, kwani malipo yaliyopangwa na serikali hayakumfaa mtengenezaji, na ethanoli ilikuwa na soko bora kwingine. Hata hivyo, kila wazo la kuufufua linapoibuka, watu huuliza kwanza kama ethanoli itaila injini. Naona swali hilo limekosea mlango. Ethanoli kavu ya asilimia 10 huvumiliwa na gari nyingi zilizoundwa tangu miaka ya 1990. Yanayoharibu ni maji na muda, na hayo mawili huyapata mafuta kwa urahisi zaidi mwisho wa safari, katika masoko kama Zombe, mashariki mwa mji wa Kitui.

Ethanoli ni kileo, na kileo huvuta maji. Lita moja ya mchanganyiko huweza kubeba takriban kijiko kimoja cha chai cha maji bila kuonyesha dalili yoyote. Yakizidi hapo, ethanoli huiacha petroli, hushikamana na maji na kuzama chini ya tangi, palepale mrija unapofyonzea. Injini hunywa maji yenye kileo na kuzimika; tangi la chuma huota kutu; alumini na zinki za kabureta huliwa polepole. Petroli iliyobaki juu nayo imepoteza oktani iliyokuwa ikiongezwa na ethanoli, kwa hiyo injini hugonga. Ethanoli pia huyeyusha utando wa miaka mingi ndani ya tangi kuukuu na kuupeleka kwenye chujio, na mipira ya zamani huvimba au kupasuka.

Atakayepinga atasema Kitui ni kukavu, unyevu utatoka wapi? Ni kweli hewa pekee haitoshi kuharibu mafuta yaliyofunikwa vizuri. Lakini petroli inayouzwa rejareja kwa chupa na mitungi huingia mara nyingi katika chombo ambacho jana kilibeba maji, na mvua za Oktoba hadi Desemba hupita kwenye kifuniko kilicholegea. Pampu ya kuvuta maji kwenye visima vya mchanga wa mito hulala miezi mizima mvua zikinyesha, petroli ikiwa ndani. Joto nalo lina lake: kiasi hiki cha ethanoli huongeza wepesi wa petroli kugeuka mvuke, hivyo mafuta hutoroka kwenye chupa na huweza kuchemka ndani ya kabureta ya pikipiki iliyoegeshwa juani.

Hoja nzito zaidi ni ya India, zinakotoka pikipiki nyingi za bodaboda. Huko mchanganyiko umefika asilimia 20. Nakubali kwamba hili linaondoa hofu nyingi kuhusu vyuma vyenyewe. Lakini India ilipanda hatua kwa hatua, na magari mapya yaliyouzwa kuanzia Aprili 2023 yalitakiwa kuwa na vifaa vinavyostahimili kiwango hicho. Pikipiki kuukuu ya Zombe haikuwamo katika hesabu hiyo. Tena, nchi iliyolazimika mwaka 2018 kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwazuia wachakachuaji haiwezi kudhani kwamba yanayotoka bohari ndiyo yanayofika kijijini.

Sipingi molasi ya Muhoroni ipate soko, wala dola zibaki nyumbani. Napinga gharama kumwangukia mwendesha bodaboda peke yake. Lita ya mchanganyiko wa asilimia 10 ina nishati pungufu kwa takriban asilimia 3, na upungufu huo uonekane katika bei ambayo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza kila mwezi. Pampu iandikwe wazi kilichomo. Matangi ya vituo yapimwe maji kwa dawa inayofanya kazi kwenye ethanoli, maana ile ya kawaida huweza kupitwa na tabaka la maji na kileo. Na hadi ukaguzi huo ufike Kitui Mashariki, petroli isiyochanganywa iendelee kuuzwa huko.