Tuzibue Mifereji Kabla ya Mvua

Ndugu zangu wa Uvira, Kiliba, Sange, Luberizi na Luvungi,

Wakomoro walipojitwalia uhuru tarehe 6 Julai 1975, walikuwa na vanila, karafuu na mlangilangi wa kuuza ng'ambo, ila sufuria zao zilingojea mchele wa meli. Hadi leo zinaungojea. Wale ni watu wa visiwa vidogo vya volkano, tusiwacheke. Sisi tuliopata uhuru miaka 15 kabla yao tuna bonde zima la Ruzizi, toka Kamanyola hadi ziwani, na mito inayoteremka milimani; bado tunakula mchele unaoshushwa bandarini Kalundu. Hiyo ni aibu yetu sote.

Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilizimwa na vita vya 1996. Kukifufua kunataka serikali na wenye mitaji. Lakini mfereji wa kunyweshea mpunga hautaki waziri.

Nendeni mkaone. Pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni pamejaa mchanga na mawe ya mafuriko, na ndani ya mfereji kumeota matete. Mwenye shamba la juu anakinga maji kwa magunia ya mchanga. Wa chini anabaki na udongo uliopasuka. Usiku anakwenda kubomoa, kesho yake wote wawili wako kwa chifu.

Turudishe salongo, kazi ya pamoja ya jamii. Najua wazee waliolazimishwa enzi za Mobutu watanuna, na wana haki. Hii haina askari wala faini: kila anayenywesha mpunga wake aje na jembe au beleshi. Wafugaji wanaoshusha ng'ombe kutoka Mulenge na Lemera wakati wa kiangazi nao waitwe, tukubaliane ng'ombe wanyweshwe wapi, maana kwato zinabomoa kingo.

Tena tuanzishe likelemba ya mavuno, mfuko wa kuchangiana na kukopeshana. Anayeuza mpunga ukingali shambani ili alipe karo hurudi baadaye kununua mchele uleule sokoni, kwa bei ya mwingine. Akikopeshwa na wenzake, atavuna, atakoboa, ndipo auze. Nanyi wa mjini, ulizieni kwanza mchele wa bonde.

Machifu, wachungaji na maimamu, tangazeni siku: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja kwenye mfereji anaonyweshea.