Daftari la vipimo halikuwa mali ya kundi

Tangu picha za daftari la kambi ya afya ya Desemba zitumwe kwenye kundi letu la WhatsApp, wanajumuiya hawajatulia. Kilichotokea kila mmoja anakijua. Kurasa zenye majina ya watu wa kijiji chetu cha Chekereni, namba zao za simu, presha na sukari zilipigwa picha ili wachangiaji waone fedha yao imefanya nini. Nia ilikuwa njema. Lakini kabla ya jua kuzama majibu ya watu yalikuwa yanajadiliwa kwenye mbege na kwenye mitaro ya mashamba ya mpunga, na kuna mzee ambaye wanawe wameijua sukari yake kwa jirani.

Sasa tumegawanyika. Wenzetu wa Marekani wanasema HIPAA imevunjwa na kamati ya Moshi ijiuzulu. Kamati inajibu kwamba sisi si hospitali, ni watu wa kujitolea, kwa hiyo hakuna sheria inayotugusa. Pande zote mbili zimekosea, na kosa la kamati ndilo linaloweza kutufikisha pabaya.

HIPAA ni sheria ya Marekani ya mwaka 1996. Inawabana watoa huduma za afya wanaotuma madai ya malipo kwa njia ya kompyuta, mashirika na mipango ya bima ya afya, vituo vinavyochakata madai hayo, na wale wanaowafanyia kazi hao wote. Basi. Mwajiri kama mwajiri hayumo, na jumuiya ya watu wa kijiji kimoja haimo. Dada zetu walio wauguzi Marekani wanabanwa nayo kazini kwao. Wakija Chekereni likizo kutupimia presha, sheria hiyo haiwafuati hadi Moshi.

Inayotubana ni ya nyumbani Tanzania, nayo wengi wetu hatujaifungua hata ukurasa mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Rais Samia alizindua Tume yake Aprili 2024. Sheria hiyo haiulizi kama una vitanda vya wagonjwa. Inauliza nani aliamua taarifa zikusanywe, na kwa shabaha gani. Kambi ile tuliiandaa sisi. Sisi ndio tuliochora safu za daftari na kuamua kila mtu aandikwe na namba ya simu. Kwa hiyo mkusanyaji wa taarifa ni kamati yetu ya Moshi, pamoja na zahanati iliyotuazima wahudumu kwa kumbukumbu ilizobaki nazo. Kijana tuliyemlipa kuingiza majina kwenye kompyuta ni mchakataji, na hakupewa hata kikaratasi cha kumwambia afanye nini na faili lile baadaye. Liko wapi leo? Swali hilo limeulizwa kundini mara nyingi na hakuna aliyelijibu.

Mkusanyaji anatakiwa ajisajili kwa Tume. Muda wa kufanya hivyo ulikuwa uishe mwisho wa 2024, ukasogezwa hadi 30 Aprili 2025, na sisi bado tunabishana kuhusu rangi ya fulana. Anatakiwa awe na afisa wa ulinzi wa taarifa. Hali ya afya ni taarifa nyeti, na sheria inataka ridhaa ya mhusika ipatikane mapema, kwa maandishi. Kutia sahihi ya mahudhurio mlangoni si ridhaa. Tena, picha ikitumwa kwenye kundi lenye watu wa Minneapolis, Marekani, na Reading, Uingereza, taarifa imevuka mpaka, na kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna masharti yake na kibali chake.

Tawi la Uingereza nalo lisijione liko salama. Sheria ya kule ya ulinzi wa taarifa ya mwaka 2018 inazigusa hata jumuiya zisizo za faida. Kusamehewa ada ya usajili, kama mnastahili, si kusamehewa sheria yenyewe.

Kuna pendekezo kwamba Desemba ijayo tuongeze kipimo cha VVU. Mhariri analipinga kwa nguvu zote mpaka haya yatengenezwe. Majibu ya kipimo hicho yanalindwa pia na sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008, na kijijini kwetu picha moja ikivuja inaweza kuvunja nyumba ya mtu.

Inauma kwamba mkutano wa mtandaoni ulioitishwa kwa jambo hili haukufikia akidi, ilhali lawama kundini hazina kikomo. Anayetaka kamati ijiuzulu aseme pia nani ataijaza fomu ya Tume.

Yafanyike haya. Kila mwenye picha zile azifute leo, simuni na kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha amjulishe Katibu. Daftari lifungiwe kabatini, na ufunguo akae nao mtu mmoja anayejulikana. Waliopimwa waendewe nyumbani na kuombwa radhi ana kwa ana, tukianza na yule mzee na familia yake. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili chepesi, na asiyejua kusoma asomewe faragha kabla ya kuweka dole gumba. Wachangiaji wakitaka kuona matunda ya fedha yao, wapewe jumla tu: wangapi walipimwa, wangapi walipelekwa hospitali. Usajili ukikosa kukamilika kabla ya Oktoba, mfuko usitoe hata shilingi moja ya kambi ya Desemba.