Vitivo vya Sheria Vipewe Vituo Huru vya Utafiti

Bunge la Kenya lilipoingiza Kifungu cha 2A katika Katiba, mnamo Juni 1982, na kuifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria, mswada ulipitishwa kabla ya mwananchi kuelezwa maana yake. Mwaka wa 1988 majaji walinyang'anywa ulinzi wa kazi yao kwa haraka ile ile, hata ikabidi ulinzi huo urejeshwe mwaka wa 1990. Je, wasomi wa sheria walikuwa wapi? Walikuwapo. Willy Mutunga, mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alitiwa kizuizini mwaka huo huo wa 1982. Lakini mhadhiri aliye peke yake akishikwa, utafiti wake nao husimama.

Ndiyo maana tunadai vitivo vya sheria viwe na vituo mahsusi vya utafiti, kila kimoja na taaluma yake: katiba na uchaguzi, ardhi, haki za washtakiwa.

Wenzetu wa Afrika Kusini walilitambua jambo hili ubaguzi wa rangi ukingali madarakani. John Dugard alianzisha kituo cha namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka wa 1978. Katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Dullah Omar aliongoza Kituo cha Sheria cha Jamii tangu 1990, kisha 1994 akawa Waziri wa Haki wa Mzee Mandela. Mwaka wa 2000, katika kesi ya Irene Grootboom na wenzake waliobomolewa vibanda, kituo hicho na Tume ya Haki za Binadamu waliingia kama marafiki wa mahakama. Kesi ilikuwa imeegemea mno haki ya watoto. Hoja zao zikaipanua ihusu haki ya kila mtu kupata makao, awe na mtoto au asiwe naye. Huo ndio utafiti tunaouzungumzia, si makala ya kumpandisha mtu cheo.

Kwetu mlango uko wazi. Ibara ya 22 ya Katiba ya 2010 inaruhusu shirika lenye ujuzi maalumu kufika mbele ya korti kama rafiki wa mahakama, na Ibara ya 43 inataja makao. Hata hivyo, wakazi wa Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walibomolewa nyumba mwaka wa 2011, na Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wake Januari 2021.

Tusidanganyike na vibao vya milangoni. Kituo kinachoishi kwa kandarasi za wizara kitaandika yale wizara inayotaka kusoma. Wala hatujasahau kwamba hadi 2002 Rais mwenyewe ndiye aliyekuwa Mkuu wa kila chuo kikuu cha umma.

Basi mabaraza ya vyuo yatenge fungu la kudumu katika bajeti ya kitivo, na mkurugenzi asiwe mtu wa kuondolewa kwa simu moja. Ibara ya 256 inataka siku 90 zipite kati ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili kwa mswada wa Bunge wa kurekebisha Katiba. Katika siku hizo 90 tunataka kuona uchambuzi wa kituo mikononi mwa wananchi, kwa Kiswahili.