Ushago Gani Mnaoturudisha?

Kila Nairobi ikifurika, lazima mtu ashike maikrofoni atuambie turudi ushago. Eti kwani nani aliwaita? Eti vijana mnafuata taa za mji. Aprili na Mei 2024, mvua ilipobeba nyumba za Mathare na Mukuru, serikali iliamuru watu wa kando ya mito wahame, kisha matingatinga yakaja kubomoa kilichoachwa na maji. Wahamie wapi? Familia ziliahidiwa shilingi 10,000. Haya, chukua hiyo elfu kumi, toa deposit, toa kodi ya mwezi wa kwanza, toa ya mkokoteni wa kubeba godoro na sufuria. Keja utapata wapi? Mtoni tena, bana.

Watu wa Mukuru si wajinga. Wanaujua ule mto kuliko mtabiri yeyote wa hali ya hewa. Lakini Mukuru imepakana na Industrial Area, na vibarua huchukuliwa getini asubuhi na mapema. Ukichelewa, siku imeenda. Sasa hamia Kitengela kwenye nyumba safi, halafu ulipe matatu kwenda na kurudi, na wingu likionekana tu makanga ashapandisha nauli. Piga hesabu uone kama utarudi nyumbani na unga. Ndiyo maana mtu anaishi pale anapoweza kufika kazini kwa miguu. Landilodi analijua hilo vizuri sana. Chumba cha mabati ukingoni mwa mto hakikosi mpangaji, na matingatinga yakija, yeye huwa hayupo.

Halafu ushago wenyewe uko wapi? Vihiga, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la babu liligawiwa wana, wana wakawagawia wao, mjukuu akabaki na migomba mitatu na nafasi ya kaburi. Huyo ana bahati. Ukiwa binti, mara nyingi ushago ni kwa kaka yako, na mke wake anahesabu siku utakazokaa.

Na safari hii hatukuianzisha sisi. Mkoloni alichukua mashamba mazuri ya nyanda za juu, akatoza kodi ya kibanda na ya kichwa, zilipwe kwa pesa, na pesa alikuwa nazo yeye. Mwanamume akalazimika kwenda kufanya kazi, kipande kinaning'inia shingoni, na kazi ikiisha arudi alikotoka. Walitaka mikono yake tu, yeye mwenyewe hapana. Hao wa maikrofoni leo wanasema tofauti gani? Ofisi zao nani anafagia?

Kama kweli hamtaki watu mtoni, jengeni nyumba za kupanga karibu na kazi. Hizi za bei nafuu mnazotuonyesha zinataka malipo ya kila mwezi kwa miaka na miaka. Mtu wa kibarua Jumatatu hajui Alhamisi ataandikwa au la.