Inchi 136 Zilizobaki Kwenye Boksi

Skrini ya mota ni kitambaa cheupe kilichozungushwa kwenye bomba la chuma ndani ya kasha refu linalofungwa juu ya ukuta au darini. Mota imo ndani ya bomba lenyewe. Rimoti ikibonyezwa, kitambaa kinashuka, na sinema ikiisha kinapanda. Kwa nyumba za ghorofa za Mchafukoge jijini Dar es Salaam, ambako ukuta mmoja unabeba kabati, dirisha na picha za ukoo, hiki ni kifaa cha maana kabisa. Namna kinavyouzwa na kufungwa ndiyo inayoudhi, na sehemu yake kubwa ni udanganyifu mtupu.

Wiki hii familia moja ya ghorofa ya tatu ilivuka Mnazi Mmoja kwenda Kariakoo kutafuta skrini ya mechi ya Jumamosi. Baba wa nyumba ni mtu wa enzi za sinema ya Avalon pale Mtaa wa Zanaki, na za Drive-in iliyofunguliwa mwaka 1966 mahali ulipo sasa Ubalozi wa Marekani. Mtu aliyewahi kuona picha kubwa namna ile haridhiki na televisheni ya kwenye meza, na wala hana sababu ya kuridhika. Muuzaji akamwambia, "Mzee wangu, chukua hii ya inchi 136, hakuna kubwa zaidi." Hela ikatoka, boksi likapandishwa ngazi kwa mabega ya vijana wawili.

Nyumbani futi kamba ilisema mengine. Kitambaa kilikuwa mraba, sentimita 244 kwa 244. Ni kweli kwamba mraba huo, ukipimwa kona kwa kona, unafika inchi 136. Lakini karibu hakuna mpira wala filamu inayorushwa kwa umbo la mraba. Picha ya televisheni ya leo ni ya 16 kwa 9, na kwenye upana wa sentimita 244 kimo chake ni sentimita 137 tu, yaani inchi 110 kona kwa kona. Zaidi ya mita moja ya kitambaa haina kazi. Skrini za mraba zilitengenezwa kwa ajili ya madarasa na kumbi za semina, zipokee picha za kila umbo. Kumuuzia mtu wa sinema kwa kipimo cha kona ni kumtoza pesa ya picha asiyoiona kamwe.

Kipimo cha haki ni upana, na kinaanzia chumbani. Sebule ile ina urefu wa mita 4.5. Skrini ya inchi 100 ya 16 kwa 9 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Anayeitazama kutoka mita tatu hivi anaona vizuri bila kuzungusha shingo. Projekta nayo ina masharti yake. Yenye uwiano wa kurusha picha wa 1.5 huhitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, hapa mita 3.3. Kwa hiyo projekta huchaguliwa pamoja na skrini, au kabla yake.

Kitambaa cheupe cha kawaida kinatosha chumba chenye pazia zito. Kizuri zaidi ni chenye kamba za kukivuta pembeni, kwa sababu kisichovutwa hujikunja kingo baada ya muda na mistari ya uwanja ikapinda. Halafu kuna feni ya dari, ambayo muuzaji haulizi hata siku moja: upepo wake hutikisa kitambaa, na mapanga yake yakipita mbele ya projekta hukata mwanga vipande vipande. Katika joto la Dar es Salaam hakuna atakayezima feni dakika tisini. Mahali pa skrini na projekta papangwe feni ikiwa inazunguka.

Fundi aliyekuja Ijumaa hakuuliza juu ya dari kuna nini. Alifunga kasha lenye uzito wa zaidi ya kilo kumi kwenye jipsamu tupu, kwa skrubu fupi. Lilipoteremshwa mara ya tatu upande mmoja ulichomoka, ukaanguka na kipande cha dari. Mtoto wa miaka sita alikuwa ametoka kukaa hapo muda si mrefu. Jipsamu ni pambo, haibebi mzigo. Kasha hushikwa na zege la juu, au mbao zinazoshikilia dari, au ukuta wa tofali kwa fisha ndefu, baada ya pima maji kuthibitisha kwamba limelala sawa. Likiinama kidogo tu, kitambaa hujizungusha kuelekea upande mmoja na kuchakaa ukingo.

Umeme pia si wa kubahatisha. Mota ina waya wa kupanda na waya wa kushuka, na zote mbili zikipewa umeme kwa pamoja mota huungua. Ikipandishwa na kushushwa mfululizo, kwa kawaida hujizima baada ya dakika nne hivi kwa ajili ya joto. Hiyo ni kinga, iachwe ipoe. Mwisho wa kushuka hurekebishwa kwa skrubu ndogo zilizo kwenye mota. Kwa skrubu hizo hata ule mraba ungeweza kusimamishwa nusu, lakini chini ya dari ya mita 2.8 picha ingeanzia mita 1.3 kutoka sakafuni, juu ya macho ya aliyekaa kwenye kochi. Projekta nyingi za sinema zina tundu la volti 12 linaloiamuru skrini ishuke projekta inapowashwa, kama skrini yenyewe ina sehemu ya kupokea amri hiyo.

Mechi ya Jumamosi familia ile iliitazama kwenye televisheni ya zamani, chini ya tundu la dari. Anayevuka Mnazi Mmoja wiki ijayo aende na futi kamba mfukoni, kitambaa kishushwe chote mbele yake dukani, na upana upimwe kabla hela haijatoka.