Wimbo Huu Umeutoa Wapi?

Minjila, huku delta ya Mto Tana, ndipo njia inapogawanyika. Basi la Lamu hukata kuelekea daraja la Idsowe, gari la Hola na Garissa hunyoosha kuingia Garsen, na abiria wa pande zote hushuka kunyoosha miguu, wakanunua maembe na mayai ya kuchemsha. Hatua chache kutoka steji pana kioski cha bati chenye kompyuta moja, spika mbili na nyaya ambazo hata mwenyewe sidhani anajua zinakoanzia. Kijana wa kioski huchaji simu za watu, lakini riziki yake hasa ni kuwajazia nyimbo kwenye memori kadi na flashi.

Nilikaa pale karibu saa nzima nikingoja gari. Alikuja mchungaji kijana wa Kiorma, fimbo imelala mabegani, akataka za Kioromo. Kiorma ni ndugu wa damu wa Kioromo, kwa hiyo nyimbo za Ethiopia hufika malishoni huku bila kuhitaji mkalimani. Folda ikafunguliwa: Ali Birra, aliyefariki mwaka 2022, na Hachalu Hundessa, aliyeuawa Addis Ababa Juni 2020. Akaja mama na kwaya zake. Akaja wa bodaboda, anataka bongo fleva "mpya mpya tu." Kisha akaja mzee ambaye hakuwa na jina la wimbo wala la mwimbaji. Alikuwa na sauti tu kichwani. Akavumisha kidogo, kijana akafungua faili moja, siyo. La pili, siyo. La tatu likatoka na Juma Bhalo wa taarab, mzee akacheka peke yake kama aliyeokota shilingi yake mwenyewe.

Najua siku hizi hata simu hutambua wimbo kwa kuvumishiwa. Ila wakati faili linanakiliwa, kijana akauliza: "Baba, hii ulikuwa ukiisikia wapi?" Mzee akaeleza harusi ya shangazi yake Kipini, kaseti ikipigwa kwa betri ya gari, mpaka betri ikafa na watu wakaendelea kuimba wenyewe. Wateja wawili wakasogea kusikiliza. Mmoja wao akaondoka na wimbo ule ule, na sina shaka kwamba lau ungemjia peke yake kwenye simu angeupita kwa kidole.

Barazani swali hili huzuka mara kwa mara, hasa akiwapo kijana mwenye bando na mzee mwenye redio: je, bado tuna haja ya mtu kutuambia wiki hii tusikilize nini, tusome nini, tutazame nini? Vijana husema simu inatosha. Inakujua, inakuletea, haichoki. Nami sitabisha kwamba inaleta. Malalamiko yangu ni kwamba inaleta kitu kisicho na mlango kilikotokea. Wimbo unafuata wimbo, na hakuna wa kuulizwa "huu umeutoa wapi?" wala wa kusutwa ukiwa mbovu. Anayekupendekezea kitu uso kwa uso huweka heshima yake rehani. Akikusifia kitabu kikawa pumba, Ijumaa ijayo utamkuta pale pale msikitini, na atakusikia.

Waliokua na redio wanaikumbuka kadi ya salamu. Uliinunua, ukaijaza kwa kalamu, ukaitia posta, ukangoja wiki. Mtangazaji akasoma jina lako na la mahali ulipo, akawataja uliowasalimu mmoja mmoja na vijiji vyao, kisha ndipo wimbo ulioupenda ukapigwa. Kwa hiyo kila wimbo uliingia sebuleni umeshikwa mkono na mtu. Leonard Mambo Mbotela alikiendesha kipindi cha redio "Je, Huu ni Ungwana?" tangu mwaka 1966 kwa zaidi ya nusu karne, na siri ya kipindi kile nadhani ilikuwa hiyo hiyo: alikuwa mtu mmoja, sauti moja, anayekuletea jambo moja aliloliona wiki hiyo na kukuuliza unalionaje. Mombasa nako kulikuwa na maduka kama Assanand na Mbwana Radio Service, ambako hukununua kaseti kabla ya kuambiwa nani kapiga udi na ilirekodiwa harusi ya nani.

Nisiipambe enzi hiyo mno. Orodha za salamu zilichosha. Watu ishirini walimsalimu mtu mmoja, na wimbo ukikaribia kiitikio habari zinaingia. Tena sikumbuki kusikia katika Idhaa ya Taifa wimbo wa Kiorma ulioombwa na mtu wa Garsen. Majina yetu yalisomwa; nyimbo zetu zilibaki nyumbani. Mto wa habari ulitiririka upande mmoja, kutoka Nairobi na Mombasa kuja huku, na leo unatiririka vivyo hivyo, ila kwa kasi zaidi. Hata hoja ya siku hizi kwamba stesheni zilazimishwe kupiga kazi za nchini haitufikii sana, kwa kuwa "za nchini" huishia kuwa za studio za Nairobi.

Na mara mbili kitu cha huku kilipotoka kwenda mbali, kilitoka kikiacha jina nyuma.

Cha kwanza kila mtoto wa Kenya anacho mdomoni. Mwaka 1963 tume ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilipewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa, na sauti waliyoichagua ni ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. (Hyslop huyo ndiye mwandishi wa tamthilia za Kiswahili "Afadhali Mchawi" na "Mgeni Karibu", sikio lake halikuwa geni kabisa pwani.) Mzee Meza Moroa Galana wa Tana River ndiye anayetajwa kuwa aliwapa sauti hiyo. Jaribu kuuliza jina lake shuleni asubuhi ya gwaride. Watoto wa Minjila husimama wima bendera ikipanda, wanaimba sauti ambayo huenda nyanya zao waliwalazia, na hakuna anayewaambia: hii ni yenu, imetoka hapo mtoni.

Cha pili ni ngadji, ngoma kubwa ya Wapokomo. Maafisa wa kikoloni waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia British Museum, London, ambako imekaa ghalani zaidi ya karne nzima. Makorani Mungase, ambaye babu yake ndiye aliyekuwa akitawala ilipochukuliwa, alisafiri hadi huko akaonyeshwa. Ngoma ya mzee, mjukuu anaitazama kwa ruhusa.

Lakini ngadji inanitia breki pia, na hapa wenzangu wanaopenda kila kitu kisambazwe watanisamehe. Ngoma ile watu wote waliisikia, ila kuiona ilikuwa haki ya wachache waliopitia taratibu zake. Watu waliishi wakijua kwamba mambo mengine husikika tu, basi. Kwa hiyo ninaposema tupeane tulivyovipata wiki hii, sisemi kila kinachonaswa kwa simu kirushwe. Bibi anayemwimbia mjukuu hajatoa kibali kwa kuwa tu dirisha liko wazi. Kuuliza "umeutoa wapi" ni pamoja na kuuliza "mwenyewe kakubali?"

Kisha kuna jambo ambalo mtu wa delta hawezi kuandika habari za kupeana bila kuligusa. Agosti 2012 watu zaidi ya 50 waliuawa kijijini Reketa kwa asubuhi moja, na mapigano yale ya Wapokomo na Waorma yalipotulia mwaka uliofuata waliokufa walikuwa wamepita 100. Baada ya hapo zikaja semina, fulana, na nyimbo za amani. Nimehudhuria kadhaa ya mikutano hiyo. Sijawahi kumkuta mtu aliyeondoka akiuimba wimbo wa semina njiani. Ulitungwa ili upendwe, na sikio ni mjanja. Likijua linafundishwa adabu hufunga mlango. Fulana ilikuwa na jina la mfadhili, kubwa, kifuani. La mtunzi sikuliona.

Mwenye kioski wangu si Muorma. Nilimwuliza mwenyewe anasikiliza nini akiwa peke yake, akanitajia Hachalu. Alimpata kwa mteja, miaka kadhaa iliyopita, akampenda "kwa vile anavyopanda na gitaa." Maneno haelewi nusu. Huyo hakutumwa na Gasa, baraza la wazee wa Wapokomo, wala na Matadheda, wazee wa Waorma. Alipenda. Mimi ningeweka imani yangu katika kupenda kwa namna hiyo kabla ya fulana mia.

Kwa vitabu hali ni nyembamba zaidi. Duka la vitabu katika miji midogo yetu huuza madaftari, kalamu, na vile vinavyotahiniwa: "Nguu za Jadi," "Bembea ya Maisha," pamoja na miongozo yake. Mtihani ukiisha kitabu kinauzwa au kinafungiwa maandazi. Garissa, juu ya mto huu huu, mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwenye vijiji vya wafugaji, jambo lililotufundisha kwamba msomaji akikosa njia ya lami, kitabu kinaweza kumfuata kwa miguu. Huku chini tumefanya kwa njia yetu. Nakala yangu ya "Siku Njema" ya Ken Walibora imepoteza jalada la nje, lakini ndani ina majina saba ya walioiazima, kila mmoja na mahali pake: Ngao, Wema, Witu, na mmoja ameandika "Minjila kwa mama wa chai." Wa nne ameongeza: "Usianze usiku." Mapendekezo bora kuliko hayo sijayasoma gazetini.

Je, serikali ya kaunti ihusike? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti maktaba, makumbusho, shughuli za utamaduni, hata maonyesho ya video na kukodisha kanda. Kioski cha bati kipo kikatiba kuliko kinavyojijua. Nawaelewa wanaoguna. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili 2024 yalihamisha watu na kukata barabara, na mtu aliyelala juu ya tuta na mbuzi wake hahitaji kongamano la utamaduni. Kituo chenye kuta za marumaru na bango la ufunguzi sikitaki hata mimi. Ninachotaka kinagharimu kidogo kuliko chai ya mkutano mmoja wa kamati: kompyuta ile ya kioski iwe na folda ya Mto Tana, na anayeiwekea kitu atoe jina la mwimbaji, kijiji, na kibali. Msanii naye apate chake; kwa sasa mia ya kujaza memori inaishia kwa mwenye nyaya.

Gari langu lilipoanza kusikika kwa honi upande wa Malindi, nikamwambia kijana aniwekee wimbo mmoja tu wa hapa hapa. Akakuna kichwa. "Ziko, mwalimu, lakini hakuna anayeuliza." Hakwenda kwenye kompyuta. Akatoa simu yake, akashuka chini, chini, mpaka kwenye faili lenye namba tupu, sauti ya wanawake wanaimba harusini, ngoma moja, na mtu anakohoa karibu na maiki.

"Wa wapi hawa?" nikauliza.

"Nilirushiwa."

Mama wa maembe, beseni kichwani, akasimama. "Hao wa Hewani," akasema. Mwenzake akapinga: Hewani hawaitikii hivyo, hao ni wa Wema. Wakabishana, mmoja akaimba kiitikio kwa namna ya Hewani, wa pili kwa namna ya Wema, nami sikusikia tofauti hata kidogo. Makanga akapiga kelele. Kijana akafuta zile namba, akaandika kwa kidole gumba: "Harusi, Hewani au Wema, muulize mama Maembe." Akanirushia.